Ndoano Isiyo na Jino

Fundi hakuwa mtu wa maneno, na hata yale machache aliyoyaandika aliyarudia maisha yake yote. Yalikuwa mawili tu: Kwa mkono. Kila fimbo ya kuvulia iliyotoka katika karakana yake ilikuwa na jina la mwenyewe juu kidogo ya mpini, tena jina la utani, kwa kuwa Fundi alishikilia kwamba jina la kwenye kitambulisho ni la serikali. Chini ya jina yalikaa hayo maneno mawili, na chini ya maneno ukapita mstari mweupe, mwembamba, uliopinda mwishoni ukawa ndoano ndogo kuliko punje ya mchele.

Sasa, ndoano hiyo aliichora bila jino. Jino ni kile kijichongo cha ndani kinachomzuia samaki asichomoke. Ndoano isiyo nalo ni pambo tu. Fundi aliliacha makusudi mpaka mwenye fimbo aje, aishike kwa mkono wake, aipime uzito. "Umeshika?" angemuuliza. "Nimeshika." Hapo ndipo angechovya kalamu katika rangi, akaigonga mara mbili kwenye mdomo wa chupa, tik, tik, kisha akatia jino. Baada ya hapo maandishi yalipakwa gundi ile ngumu ya kuchanganya, fimbo ikafungwa kwenye mota iizungushe taratibu kwa siku nzima ili gundi isichuruzike upande mmoja, na ikishakauka hakuna mja wa kufuta kilichoandikwa. Fimbo ambayo mwenyewe hajatokea ilibaki kibogoyo. "Hiyo bado inamngoja mtu wake," Fundi alisema, na hata umpe nini hakuongeza nukta.

Fimbo moja ilibaki ukutani miaka saba. Iliandikwa Chapuchapu.

Chapuchapu alikuwa kitindamimba wa Fundi, na jina lilimkaa. Kijana huyo alikula amesimama, alivaa viatu huku anatembea, alijibu swali kabla hujamaliza kuliuliza. Ile methali ya haraka haraka aliambiwa mara nyingi hata akawa anaimalizia mwenyewe akiwa tayari yuko nje ya mlango. Fimbo yake ilikamilika asubuhi moja, imebaki aishike tu. Baba yake alikuwa bado anatafuta miwani. "Nitaishika nikirudi," kijana akasema, akaazima fimbo ya rafiki, akakimbilia ziwani kwenye mashua iliyokuwa inaondoka. Mashua ilipinduka kabla ya saa sita. Wenzake watatu walipatikana, wawili wazima na mmoja maiti. Yeye hakupatikana, si mwili wala kiatu.

Tangu siku hiyo ule msemo wa asiyekuwepo na lake halipo ulipigwa marufuku katika nyumba ile. La kwake lilikuwepo, limelala juu ya misumari miwili mbele ya meza ya kazi, maandishi yake wazi bila gundi. Ole wake ambaye angepitisha karibu kitambaa chenye spiriti, maana spiriti ingeondoa yote kwa mpapaso mmoja. Matanga hayakuwekwa. Utawekaje matanga ya mtu ambaye baba yake anasema anangojwa?

Mwaka jana Fundi naye akaenda, polepole, kwa kifua kilichomsumbua muda mrefu. Akaacha mke, karakana, na binti mkubwa aliyekuwa akifanya naye kazi tangu ujana. Wateja walimwita Binti, na jina likamganda ingawa sasa alikuwa na miaka arobaini na ushei na mvi anazozijua idadi yake. Binti alikuwa hodari wa uzi. Ukitaka vile vipete vya kupitishia mshipi vifungwe kwa nyuzi za rangi mbili zilizopangana bila mwanya, hukupata mwingine. Lakini kuandika hakujaaliwa. Fimbo ni ya mviringo, nyembamba, inateleza. Kalamu ikigusa lazima pumzi iwe imeshatoka na mkono uwe hauna wasiwasi na mtu. Mkono wa Binti ulikuwa na wasiwasi na kila mtu. Alijaribu kwenye vipande vya fimbo mbovu, na herufi zikaenda kama walevi wanaorudi nyumbani, kila mmoja kwa njia yake.

"Shemeji, unajitesa bure," alisema mdogo wa mume wa Binti, mwenye duka la kuchapisha kadi na mabango, ambaye mtaa mzima ulimwita Wino. "Dunia imehama. Nipe maandishi ya mzee niyapige picha, niyasafishe kwenye kompyuta, nikutolee stika. Unailowesha, unaibandika, unapaka gundi juu. Hata mzee mwenyewe hangeweza kuyakana."

"Stika iliyoandikwa Kwa mkono?"

"Si utaibandika kwa mkono? Au utatumia mguu?"

Binti alicheka, na kucheka kukawa ndiyo kukubali. Wiki hiyo fimbo ya zamani ya Mwalimu mstaafu ilikuwa imeletwa kubadilishwa kipete, ina maandishi mazuri ya enzi za Fundi. Binti akamwambia Wino apite aichukue hiyo. Alipopita Binti hakuwepo, na Mama ndiye aliyempa fimbo. Baada ya siku tatu Wino akaleta karatasi mbili za stika, ishirini na nne kila moja. Jina la mteja walikubaliana waliache. Yabaki maneno mawili na ndoano.

Mama aliziangalia stika zile muda mrefu. Tangu mumewe afe alikuwa akishinda kwenye kigoda karibu na mlango wa karakana, akipanga nyuzi kwenye vibiringisho, na hakuwa amesema jambo lolote kuhusu kazi. Siku hiyo alisema: "Mkono wake huu. Bandika, mwanangu. Bandika zote." Binti akafurahi kuona mama yake amepata kitu cha kumfariji, na hakuuliza zaidi.

Kazi ikaenda. Lakini stika ya kwanza tu, alipoilaza juu ya fimbo na kuisukuma kwa pamba, kilibaki kitone cha hewa. Akakitoboa kwa sindano, akasukuma tena. Ya pili ikafanya vile vile, na ya tatu. Kitone kilikaa mahali pamoja kila mara, ndani ya pindo la ndoano, mahali ambapo hapakuwa na chochote. Binti akalaumu maji, kisha akalaumu karatasi, kisha akamlaumu Wino, ambaye alisema hata yeye ana vitu vyake vya kulaumiwa lakini hewa si mojawapo.

Baadaye ikaja ile sauti. Ilikuja mchana, saa ile mota imezimwa na jirani hajaanza kupiga misumari. Tik, tik. Mara mbili, kama ncha ya kalamu kwenye mdomo wa chupa. Chupa ya rangi ilikuwa imefungwa kabatini na kalamu zimefungwa na mpira juu yake. Binti alifungua kabati, akazitazama, akalifunga. Siku ya pili ikagonga tena akiwa ameinamia uzi. Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka atakuta hakuna mtu, na aliogopa zaidi kwamba atamkuta.

"Umesikia, Mama?"

"Nimesikia," Mama akajibu, akaendelea kupanga nyuzi. "Anataka kumaliza kazi yake."

Na wateja nao wakaanza. Wavuvi na chuku ni chanda na pete, kwa hiyo aliyekuja wa kwanza na kusema samaki wanang'ata kisha wanaachia, Binti alimsikiliza kwa sikio moja. Wa tatu naye akasema hayo hayo, na walikuwa hawajuani. Wa tano, mwanamke mwenye mgahawa aliyevua kwa ajili ya kupumzisha akili, alisema kitu kilichomkosesha Binti raha. "Si kwamba fimbo ni mbaya. Ni kama imeitwa kwingine. Naivuta huku, yenyewe inasikiliza kule."

Mwalimu mstaafu alikuja siku moja asubuhi na fimbo mbili kwapani, ile yake ya zamani na mpya aliyomnunulia mkwewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nipishe kwenye mwanga." Akazilaza zote mbili mezani, akatoa mfukoni lenzi yake ya kusomea magazeti. "Mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini na nne, jicho langu haliwezi kupumzika. Tazama ndoano hii yangu. Sasa tazama hii."

Binti akainama. Kwenye fimbo ya zamani ndoano ilikuwa na jino. Kwenye mpya haikuwa nalo.

"Hii baba yako hakuimaliza," Mwalimu akasema, bila ukali. "Uliniambia stika itatolewa kwenye fimbo yangu, lakini hii siyo. Imechukuliwa kwenye fimbo ambayo mwenyewe hakuja. Ni ya nani?"

Binti hakuwa na haja ya kuangalia ukutani, lakini aliangalia. Siku zote hizo alizilaza stika zile kwa vidole vyake mwenyewe, na jicho likazipita, kwa sababu ndoano kibogoyo ndiyo aliyoiona kila siku kwa miaka saba na akaizoea. Fimbo arobaini na kitu zilikuwa zimetoka mlangoni mwake, zimekwenda kwenye mito na maziwa, na kila moja imebeba maandishi ya marehemu yakimngoja mtu asiyekuja. Alimwomba Mwalimu amwachie fimbo zote mbili mpaka kesho. Mwalimu alitazama ukuta, akatazama kigoda cha mlangoni, akaondoka bila kuaga kwa kirefu.

Mama alikuwa pale pale na nyuzi zake.

"Mama, Wino alipokuja, ulimpa fimbo gani?"

"Unajua niliyompa."

"Nilisema ya Mwalimu. Ilikuwa imeegeshwa hapa hapa, ina karatasi yenye jina."

"Niliiona." Mama aliweka kibiringisho chini. "Niliishusha ya mdogo wako, nikamwambia Wino asiiguse kwenye maandishi, apige picha na kunirudishia papo hapo. Akanirudishia. Kijana mzuri, ingawa ana mdomo."

"Kwa nini, Mama?"

Mama alijipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

"Baba yako alisema ndoano isiyo na jino bado inamngoja mwenyewe. Sasa ile moja imekaa ukutani, ndani ya nyumba, nyuma ya mlango. Atajuaje kama anangojwa? Nikasema moja haitoshi. Maji ni makubwa. Ziende nyingi, ziende kila mahali watu wanapovua, pengine moja itapita juu yake akaona mkono wa baba yake." Alimtazama bintiye usoni. "Sikuharibu kazi yako kwa ubaya. Nilikuwa namwita mwanangu."

Binti alimkasirikia mama yake, na papo hapo akamwonea huruma, na hasira na huruma zikakaa kifuani kama wake wenza, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Alitaka kusema kwamba watu waliuziwa fimbo ambazo hazikumalizwa. Alitaka kusema, kwa mara ya kwanza kwa sauti, kwamba mdogo wake amekufa. La kwanza lilikuwa rahisi na hakulisema. La pili lilimtoa machozi.

"Mama, hajibu," alisema mwishowe. "Miaka saba, na sasa kwa fimbo zote hizo. Hajibu, na Baba hapumziki. Wewe mwenyewe umesikia anagonga."

"Nimesikia."

"Lazima jino litiwe."

Mama alikusanya nyuzi zake. Aliinuka, akaingia ndani, na siku hiyo hakutoka tena. Binti aliketi mbele ya fimbo ya Chapuchapu mpaka mwanga ukahama mezani. Jambo lilikuwa hivi, na hapakuwa na namna ya kulizunguka: jino likitiwa, nyumba nzima itakuwa imekubali kwamba hayupo. Tena litatiwa na mkono wake yeye, mkono wenye herufi za kilevi. Maandishi yale hayakuwa na gundi. Akikosea, kufuta kosa ni kufuta na ndoano, na mstari, na jina la mdogo wake, na mwandiko wa mwisho wa baba yake kwenye fimbo hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi iliyofuata alifika mapema, akaondoa spiriti mezani, akaipeleka nje kabisa, uani, ili asishawishike. Akafungua kabati. Alikuwa anaikoroga rangi aliposikia mtu nyuma yake. Alikuwa Mama, amejifunga kitenge kipya na kichwani amejitanda cheusi, mavazi ambayo kwa mwanawe hakuwahi kuyavaa.

"Kanuni ya baba yako ni ipi?" Mama akauliza. "Mwenyewe lazima ashike."

"Ndiyo, Mama."

"Mwenyewe hayupo." Ni yeye aliyelisema. "Nitamshikia mimi. Hata duniani mimi ndiye niliyemshika wa kwanza."

Binti akaishusha fimbo kwenye misumari. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyokumbuka. Akaiegemeza kwenye vishikio vya meza, maandishi juu, na Mama akaufunga mkono kwenye mpini ambao haukuwa umeshikwa na mtu kwa nia ya kuvua. Vidole vilitetemeka, na mtetemo ukapanda kwenye fimbo yote mpaka ncha yake ikawa inacheza hewani, juu chini, juu chini, jinsi fimbo inavyocheza samaki akigusa. Wote wawili waliiona.

"Umeshika?" Binti akauliza.

Nje jirani alianza misumari yake, akaacha. Binti alingoja.

"Nimeshika," Mama akasema, na fimbo ikatulia.

Binti akachovya. Kabla hajaifikisha kalamu kwenye mdomo wa chupa, ile sauti ikagonga. Tik, tik. Akatoa pumzi yote iliyokuwemo kifuani na kutia jino.

Halikuwa kama la baba yake. Lilikuwa nene kidogo, limeinama, jino la mtoto linaloanza kuota. Lakini lilikuwepo, na ndoano ikawa ndoano. Mama alilitazama kwa ile lenzi ya Mwalimu iliyosahauliwa mezani, akaitua lenzi taratibu, kisha akalia. Alilia kilio alichodaiwa tangu siku ya mashua, cha sauti, mpaka jirani akaja na nyundo mkononi akidhani kuna mtu amevamiwa. Binti alichanganya gundi huku naye machozi yanamtoka, akapaka, akafunga fimbo kwenye mota. Mama alikataa kuondoka. Alikaa akiangalia jina la mwanawe likipita mbele yake, likizunguka kwenda chini, na kurudi.

Wiki hiyo hiyo waliweka matanga. Watu walikuja, wengine wakinong'ona kwamba ni ya kuchelewa, lakini walikula wakashiba. Ile sauti ya mchana haikusikika tena.

Stika zilizobaki Binti alizirudisha kwa Wino. "Nizifanyie nini mimi?" Wino akauliza. "Jibandike usoni," Binti akamwambia, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza baada ya siku nyingi. Kisha akakaa na daftari la wateja, akawapigia simu mmoja mmoja: leteni fimbo, kuna kitu hakikumalizwa. Walikuja kwa miezi miwili. Kila mmoja alishika mpini, kila mmoja akaulizwa, na Binti akatia jino juu ya gundi ya zamani na kupaka mpya. Jino la kumi lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Kufikia la ishirini watu walianza kudai na majina yao ya utani yaandikwe, na aliyaandika, yakiwa yamepinda kidogo lakini yakielekea upande mmoja. Mama wa mgahawa aliandikiwa Bosi wa Moto. Mwalimu aliandikiwa mkwewe jina ambalo mkwe mwenyewe hakulipenda.

Fimbo ya mwisho kwenye daftari ilipotoka, Binti alihesabu ili afunge ukurasa. Majina yaliyopigwa mstari yalikuwa arobaini. Stika zilikuwa arobaini na nane, na alizorudisha kwa Wino zilikuwa saba. Alihesabu tena kwa vidole. Hakukumbuka stika hata moja iliyoharibika.

"Mama," aliita, "kuna fimbo moja siioni. Ina stika lakini haina jina la aliyeichukua."

Mama alikuwa kwenye kigoda chake, jua la asubuhi likimpiga miguuni.

"Hiyo niliitoa mimi," akasema. "Ile siku uliyokwenda hospitali, kabla ya matanga. Moja ya zile zilizokuwa pembeni. Nikaibandika mwenyewe."

"Nani aliichukua? Inabidi nimpigie naye aje nimtilie jino."

"Hakuacha namba. Gundi yenyewe hakuisubiri ikauke. Nilimwambia shika kwanza, akaniambia ataishika huko huko."

Binti aliweka kalamu chini. Ukutani, juu ya meza, misumari miwili ilikuwa mitupu, kwa kuwa fimbo ya mdogo wake sasa ilikaa chumbani kwa Mama.

"Alikuwaje, Mama? Mtu wa namna gani?"

Mama alichagua uzi mweupe katika kikapu, akautafuta ncha, akaipata.

"Sikumwona vizuri," akasema. "Alikuwa na haraka."